Klaksvík: mji wa wavuvi uliowatoa jasho vigogo wa Ulaya

Mpaka mwaka 2006, timu iliyotaka kwenda Klaksvík kucheza mpira ilipanda meli. Mji huo uko kisiwa cha Borðoy, kaskazini mwa Visiwa vya Faroe, na kati yake na kisiwa jirani cha Eysturoy umekatiza mkondo wa bahari. Wageni walishuka bandari ya Leirvík na mabegi yao ya jezi, wakasubiri meli, wakavuka, wakacheza, kisha wakaiwahi meli ya kurudi. Msomaji wa Unguja, Pemba au Mafia hahitaji kusimuliwa maisha hayo. Anajua maana ya kupanga mechi huku unaiangalia bahari.

Aprili mwaka huo lilifunguliwa handaki la barabara linalopita chini ya bahari, urefu wake zaidi ya kilomita 6, na safari ya meli ikageuka kuwa safari ya dakika chache kwa gari. Lakini klabu ya mji huo ilikuwa imekwishaishi miaka 101 bila handaki lolote. Inaitwa Klaksvíkar Ítróttarfelag, yaani Klabu ya Michezo ya Klaksvík. Wenyewe wanaiita KÍ.

Visiwa vya Faroe ni visiwa 18 katika Atlantiki ya kaskazini, kati ya Iceland, Norway na Scotland. Viko chini ya Ufalme wa Denmark, ila tangu 1948 vina serikali yake ya ndani, bunge lake, bendera yake na lugha yake, Kifaroe. Watu wake wote ni kama 54,000. Uwanja wa Benjamin Mkapa pale Dar es Salaam unaingiza watu 60,000. Maana yake wananchi wote wa nchi ile, kuanzia kichanga hadi bibi kizee, wangekaa Temeke kuangalia mechi moja na viti vikabaki. Klaksvík, mji wa pili kwa ukubwa huko, una watu wapatao 5,000. Wete peke yake inaushinda kwa mbali.

Mji wenyewe umejikunja kuizunguka ghuba, milima mikali ikiusimamia huku na huku. Kazi kubwa ni samaki: kuvua, kupasua, kugandisha, kusafirisha. Upepo hauna msimu, na mvua hainyeshi ikaisha kama masika yetu. Inakuja, inaondoka, inarudi kabla nguo hazijakauka. Majira ya kiangazi usiku hauingii giza sawasawa, na ndipo mpira unapochezwa, kwani ligi yao huanza karibu na Machi na kumalizika Oktoba.

KÍ ilianzishwa tarehe 24 Agosti 1904. Mahasimu wao wakubwa, HB ya mji mkuu Tórshavn, walizaliwa Oktoba mwaka uleule. Kwa kipimo cha nyumbani, Yanga ni ya 1935 na Simba ni ya 1936. Watani wa jadi wa Faroe walikuwa wamekwishatambiana kwa miaka thelathini kabla ya watani wetu kuonana. Ligi rasmi ya visiwa ilianza 1942, katikati ya vita, Denmark ikiwa mikononi mwa Wajerumani na Faroe ikilindwa na jeshi la Uingereza. Bingwa wa kwanza wa ligi hiyo ni KÍ.

Miaka ya hamsini na sitini ilikuwa yao. Kati ya 1966 na 1970 walitwaa ubingwa mara tano mfululizo bila kumpa mtu nafasi ya kupumua. Lakini ulikuwa ubingwa wa ndani tu, wa nyumba yenye mlango uliofungwa. Faroe haikuwa na shirikisho lake la mpira mpaka 1979. FIFA waliipokea mwaka 1988, UEFA mwaka 1990. Vizazi vya wachezaji wa Klaksvík walistaafu, wakarudi kwenye boti zao za uvuvi, wakazeeka, bila kupata hata siku moja ya kujipima na klabu ya nje katika mashindano rasmi ya Ulaya. Hilo ndilo linalonigusa kuliko makombe yote ya kabatini mwao, na nitalirudia mbele kidogo.

Mlango ulipofunguliwa, Faroe waliingia kwa kishindo. Tarehe 12 Septemba 1990 timu ya taifa ilicheza mechi yake ya kwanza ya kuwania kufuzu fainali za Mataifa ya Ulaya, dhidi ya Austria, timu iliyokuwa imetoka Kombe la Dunia Italia miezi michache nyuma. Mechi ilikuwa ya nyumbani kwa Faroe, ila ilichezewa Landskrona, Sweden, kwa kuwa visiwa vyote 18 havikuwa na kiwanja cha nyasi kinachokidhi masharti. Torkil Nielsen alifunga, kipa Jens Martin Knudsen akadaka na kofia yake nyeupe ya sufu yenye kishada kichwani, na ikaisha 1-0. Picha ya kofia ile ilizunguka dunia nzima. Watu walicheka, na wengi hawakulishika jambo lenyewe: taifa lisilo na kiwanja limeshinda mechi.

Suala la kiwanja ni zito kuliko linavyoonekana. Uwanja wa KÍ unaitwa Við Djúpumýrar, na jina hilo kwa Kifaroe linazungumzia tope la kina, ardhi ya kinamasi. Ardhi yao ni mwamba juu yake tope, mteremko kila upande, na mvua isiyokata. Nyasi za kawaida hazistahimili. Kwa miaka mingi walichezea udongo na changarawe, mchezaji akiteleza anaamka na goti limechunika. Kilichowatoa huko ni nyasi bandia. Leo vijiji vidogo kabisa vya Faroe vina kapeti la kijani lililobanwa kati ya mlima na bahari, maji yanapita chini yake, na mtoto anatoka shule saa nane mchana anacheza mvua ikimnyeshea. Ukimpa mtoto mahali pa kuchezea mwaka mzima, miaka kumi na tano baadaye unapata mchezaji. Hakuna muujiza hapo.

KÍ ndiyo klabu ya kwanza ya Faroe kucheza michuano ya mabingwa wa Ulaya. Ilikuwa Agosti 1992, hatua ya awali, dhidi ya Skonto ya Riga, Latvia. Walifungwa 3-1, wakafungwa 3-0, jumla 6-1, wakafungashiwa virago. Mwaka uliofuata wawakilishi wengine wa Faroe walikwenda, wakafungwa. Na uliofuata. Hii ndiyo sehemu ya historia ambayo waandishi huiruka, kwa sababu haina picha nzuri. Miaka karibu thelathini klabu za visiwa vile kwa kawaida zilikuwa zinakwenda Ulaya kiangazi na kurudi kiangazi hichohicho. KÍ yenyewe ilitwaa ubingwa wa 1999, halafu ikakaa miaka ishirini mizima bila kuuona tena. Kijana aliyezaliwa mwaka ule alifikisha umri wa kupiga kura bila kuiona timu ya mji wake ikibeba kombe la ligi.

Hata hivyo, upande wa wanawake palikuwa na sherehe kila mwaka. Kuanzia 2000 hadi 2016 timu ya wanawake ya KÍ ilitwaa ubingwa wa Faroe misimu 17 mfululizo. Sijui klabu nyingi duniani, za jinsia yoyote, zenye kumbukumbu kama hiyo. Wanawake hao waliuwakilisha mji Ulaya mwaka baada ya mwaka, hata miaka ambayo wanaume walikaa nyumbani. Ukiandika habari za mafanikio ya KÍ ukawaacha wao, umeandika nusu.

Wanaume waliamka chini ya kocha mzawa, Mikkjal Thomassen. Mwaka 2019 ukame wa miaka ishirini ukakatika, kisha ubingwa ukaja tena 2021 na 2022. Mwaka 2020, wakati wa korona, walikuwa wapambane na Slovan Bratislava ya Slovakia katika hatua za awali za Ligi ya Mabingwa. Wageni waliposhuka visiwani walikutwa na maambukizi kikosini, mechi ikashindikana, na UEFA wakawapa KÍ ushindi wa mezani wa 3-0. Waliobeza walisema wamebebwa. Muda si mrefu baadaye, katika Ligi ya Europa, walimkaribisha Dinamo Tbilisi wa Georgia, bingwa wa Kombe la Washindi la Ulaya mwaka 1981, wakamtandika 6-1. Hapo hakukuwa na meza. Wakafika mchujo wa mwisho wa kuingia hatua ya makundi na kufungwa na Dundalk ya Ireland 3-1. Mechi moja tu ndiyo iliyowazuia.

Thomassen akaondoka kwenda Norway kufundisha Fredrikstad, na kutoka huko huko Norway akaja Magne Hoseth. Ndipo tunafika Julai 2023.

Mpinzani wa kwanza alikuwa Ferencváros, bingwa wa Hungary. Msimu uliotangulia Ferencváros walikuwa wameongoza kundi lao la Ligi ya Europa mbele ya Monaco ya Ufaransa. Kocha wao alikuwa Stanislav Cherchesov, yule aliyeifikisha Urusi robo fainali ya Kombe la Dunia 2018. Mechi ya kwanza, Faroe, iliisha suluhu, 0-0. Ya marudiano ilikuwa Budapest tarehe 19 Julai, na wenyeji walikuwa wakisubiri idadi tu ya mabao.

Mabao matatu yalikuja, yote ya wageni. Mawili aliyatia Árni Frederiksberg, na moja Luc Kassi, kijana wa Ivory Coast aliyekuwa amecheza Norway kabla ya kuvuka bahari kwenda Klaksvík. Ferencváros 0, KÍ 3. Kibarua cha Cherchesov kikaota nyasi kabla ya wiki kwisha. Klabu kubwa ya mji mkuu wa nchi yenye watu karibu milioni kumi ilitolewa na mji ambao watu wake wote wangekaa jukwaa moja la uwanja ule wa Budapest.

Wapo waliotoa sababu, na sababu moja ina uzito. Ligi ya Faroe ikiwa inachezwa kuanzia majira ya kuchipua, Julai wachezaji wa KÍ wako katikati ya msimu, miguu imekolea, wakati Wahungari ndio kwanza wanatoka likizo. Ni kweli. Lakini mpinzani aliyefuata alikuwa Häcken, bingwa wa Sweden, na Sweden nako wanacheza kalenda ileile ya kiangazi. Häcken hakuwa na likizo ya kusingizia. Mechi ya kwanza, 0-0 tena. Ya pili, Göteborg, ilikuwa ya kutafuna kucha: sare ya 3-3, muda wa nyongeza ukaisha, wakaingia kwenye matuta, na KÍ wakashinda 4-3.

Hapo inabidi nieleze utaratibu, kwa sababu ushindi ule ulibeba zaidi ya mechi moja. Kwa mfumo wa UEFA wa wakati huo, bingwa wa nchi aliyefika raundi ya tatu ya mchujo wa Ligi ya Mabingwa hata akifungwa anashushwa Ligi ya Europa, na akifungwa na huko anashushwa hatua ya makundi ya Ligi ya Conference. Kwa hiyo penalti za Göteborg ziliwapa KÍ uhakika wa kucheza makundi ya Ulaya. Klabu ya kwanza ya Faroe tangu mpira uanze kuchezwa visiwani humo. Kuingia makundi ya Conference peke yake kulikuwa na malipo ya euro milioni 2.94, na kila ushindi huko uliongeza euro 500,000. Kwa klabu kama Lille ya Ufaransa ni fedha ya kawaida. Kwa klabu ambayo wachezaji wake wengi wazawa bado walikuwa na kazi nyingine za kuwaingizia riziki, ni fedha ya kujenga mambo yakakaa miaka.

Raundi ya tatu walikutana na Molde ya Norway, klabu ambayo Hoseth aliichezea kwa miaka mingi. Nyumbani wakashinda 2-1. Ugenini wakafungwa 2-0 baada ya muda wa nyongeza. Ni muda wa nyongeza tu uliowanyima mchujo wa mwisho wa Ligi ya Mabingwa yenyewe. Wakashuka Europa, wakatolewa na Sheriff ya Moldova kwa tofauti ya bao moja, sare ya 1-1 na kipigo cha 2-1. Mtu anayetazama matokeo tu ataona klabu inayoanguka ngazi. Mimi naona klabu ambayo katika wiki nane haikufungwa na yeyote kwa zaidi ya mabao mawili, na mara mbili ililazimisha muda wa nyongeza kwa mabingwa wa nchi kubwa za soka la Skandinavia.

Kundi lao la Conference lilikuwa na Lille, mabingwa wa Ufaransa wa 2021. Slovan Bratislava, walewale wa mkasa wa korona. Na Olimpija ya Ljubljana, Slovenia. Uwanja wa Við Djúpumýrar haukukidhi masharti ya makundi, hivyo mechi za nyumbani zikahamia uwanja wa taifa, Tórsvøllur, mjini Tórshavn. Tangu Desemba 2020 kuna handaki jingine chini ya bahari kuelekea Tórshavn, la kilomita 11, lenye hata mzunguko wa barabara huko chini. Kwa hiyo mashabiki wa Klaksvík waliokuwa wanakwenda kuishangilia timu yao “nyumbani” walipita chini ya bahari mara mbili kwenda na mara mbili kurudi.

Lille walifika Tórshavn Oktoba 5 na kuondoka na 0-0. Oktoba 26 Olimpija walikuja na kupigwa 3-0. Huo ndio ushindi wa kwanza wa klabu ya Faroe katika hatua ya makundi ya Ulaya. Slovan waliwafunga nje ndani, 2-1 na 2-1, na bila shaka walihisi wamelipa deni la 2020. Desemba Lille wakamaliza hesabu kwao Ufaransa kwa 3-0. KÍ walimaliza mkiani na pointi nne.

Pointi nne. Miaka 31 baada ya zile 6-1 za Skonto. Katika maisha ya mpira sijaona pointi nne zilizogharimu uvumilivu kiasi hicho.

Narudi kwenye ule mlango. Faroe si nchi huru kwa maana ya Umoja wa Mataifa. Ni sehemu ya Ufalme wa Denmark, kama Zanzibar ilivyo sehemu ya Jamhuri ya Muungano. FIFA na UEFA waliwapokea, na wakaingia kwa jina lao, bendera yao na bingwa wao. Zanzibar, yenye watu 1,889,773 kwa sensa ya 2022, si mwanachama wa FIFA. CAF waliipokea kuwa mwanachama kamili Machi 2017, tukashangilia, na Julai mwaka huohuo wakaivua uanachama huo kwa hoja kwamba nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili. Miezi minne. Desemba ya mwaka huo huo Zanzibar Heroes walifika fainali ya CECAFA nchini Kenya na kushindwa kwa penalti tu na wenyeji, jibu la uwanjani lililopigwa na vijana ambao walikuwa wameambiwa hawapo.

Silinganishi ili kulalamika. Sheria za CAF ni tofauti na za UEFA ya 1990, na mjadala wa uanachama una wenyewe. Ninachotaka msomaji akione ni kwamba upande wa klabu, mlango wa Zanzibar haujafungwa. Bingwa wa Zanzibar anaingia Ligi ya Mabingwa Afrika kwa jina la Zanzibar, na klabu nyingine ya Zanzibar inaingia Kombe la Shirikisho. Ile nafasi ambayo wavuvi wa Klaksvík waliikosa mpaka 1992, KMKM, Malindi, Mlandege na wenzao wanayo leo. Kilichobaki ni kile ambacho KÍ walikifanya katika miaka ile isiyo na picha nzuri: kiwanja ambacho mtoto anakichezea kila siku, makocha waliosomea kazi, timu ya wanawake inayohesabiwa kuwa ni timu, na viongozi ambao hawamfukuzi kocha na kubomoa kikosi kila timu inapotolewa raundi ya awali. Thomassen hakupewa msimu mmoja. Alipewa muda mpaka ukame wa miaka ishirini ukakatika mikononi mwake.

Na wapo wanaosema visiwa haviwezi kwa sababu wachezaji wazuri wote wanavuka kwenda bara. Faroe nao wanavuka. Vijana wao wenye vipaji huenda Denmark na Norway kabla hawajatimiza miaka ishirini, na hakuna anayewazuia. Kinachotokea ni kwamba wanaporudi wanakuta klabu ipo, kapeti lipo, mshahara mdogo upo, na kazi ya mchana ipo.

Kwa viongozi wa soka la visiwani nina ombi moja. Safari ijayo ya mafunzo mtakayopanga Ulaya, isiwe Madrid wala London. Nendeni Klaksvík mwezi Julai, mkae wiki moja, muone mji wa watu 5,000 unavyoendesha klabu ya wanaume, ya wanawake na ya watoto katika uwanja mmoja uliojengwa penye kinamasi. Na wewe msomaji wa Unguja na Pemba, Jumamosi hii Ligi Kuu ya Zanzibar ikiwa inachezwa karibu nawe, nenda ukakate tiketi.